Walinzi Ndani ya Utumbo Wako



Ngozi ya ndani ya utumbo mkubwa haikai siku nyingi. Chembe zake za zamani zinaanguka, na mpya zinazaliwa. Kwa muda wa siku tano hivi, karibu yote imekuwa mpya. Basi, nani anayeziambia chembe hizo, "Sasa inatosha"?

Ndani ya kila chembe mna walinzi. Ni protini ndogo, hazionekani kwa macho. Leo tuwajue wawili.

Wa kwanza anaitwa APC. Kuna protini nyingine, beta-katenini, inayoagiza chembe kuzaa. APC na wenzake wanaishika na kuitia alama ili ivunjwe. Maagizo ya kumtengeneza APC tunayo mara mbili: moja la baba, moja la mama. Yote mawili yakiharibika katika chembe moja, amri ya kuzaa haikomi. Kinyama kidogo kinaota ndani ya utumbo kama uyoga. Hicho si kansa bado.

Wa pili anaitwa p53. Mwili unamtengeneza kila wakati, lakini protini nyingine, MDM2, inamtia alama ya kuvunjwa. Hadumu hata saa moja. Kwa nini? Kwa sababu akisimama kwa nguvu siku zote, hata chembe nzima zingezuiwa kuzaa. Lakini maagizo ya chembe yakiharibika, p53 anabadilishwa kidogo, na MDM2 haiwezi kumshika. Anaongezeka. Anasimamisha chembe ili itengenezwe. Ikishindikana, anaiagiza ife. Tena yeye mwenyewe anafanya MDM2 iongezeke, na kazi ikiisha anaondolewa.

Protini hii ilijulikana mwaka 1979. Mwaka 1989 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba imeharibika katika kansa ya utumbo mkubwa. Leo tunajua kwamba ni hivyo katika zaidi ya nusu ya kansa hizo. Mara nyingi p53 aliyeharibika anajaa ndani ya chembe, lakini hafanyi kazi. Ni mlinzi aliye mlangoni, naye amelala.

Sasa shika neno hili. Tangu kinyama kidogo mpaka kansa, mara nyingi inapita miaka 10 au zaidi. Hiyo ndiyo nafasi yako. Kikionekana mapema, kinaweza kukatwa kabla hakijawa kansa.

Wengi wanafika hospitali wamechelewa, kwa kuwa waliona haya kutaja choo. Wewe usifanye hivyo. Ukiona damu katika choo, au choo kimebadilika kwa majuma mengi, au unakonda bila sababu, au damu yako imepungua, njoo upimwe. Usiseme, "Ni minyoo tu." Usiseme, "Nimerogwa," ukapoteza mwaka mzima. Damu katika choo ina sababu nyingi, na mara nyingi si kansa. Lakini bila kupima hutajua.

Je, baba yako, mama yako au ndugu wa tumbo moja amepata kansa hii? Mwambie mganga, hata kama husikii maumivu. Maana wako watu wanaozaliwa na agizo moja la APC limekwisha kuharibika.

Mlinzi wa ndani akilala, wewe usilale.