Ndoa za Wajapani: Mshenga na Mzigo Wake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulisimulia jinsi ndoa ya kuunganishwa, omiai, ilivyoanza kwa watu wa upanga, samurai, ilhali katika vijiji vingi vijana walichaguana wenyewe. Sheria ya Kiraia ya 1898 ndiyo iliyoeneza utaratibu wa samurai nchi nzima: mwanamume hakuweza kuoa kabla ya miaka 30 bila idhini ya wazazi, wala mwanamke kabla ya miaka 25, na mkuu wa ukoo alikuwa na kauli yake juu ya wote. Leo tumtazame aliyetembea katikati ya nyumba mbili, nakodo, mshenga wa Kijapani.

Kwa kawaida hakuwa mtu wa kukodiwa. Alikuwa shangazi, au mke wa mwalimu, au jirani anayejuana na watu wengi. Baadaye, viwanda na ofisi zilipokua, akawa mkuu wa kazi. Alitembea na picha ya msichana iliyopigwa studio, mara nyingi akiwa ndani ya kimono cha mikono mirefu kinachovaliwa na wasioolewa. Pamoja na picha ilikuwapo karatasi ya wasifu iliyoandikwa kwa hati safi: amesoma wapi, baba anafanya kazi gani, ndugu ni wangapi na wameoa kwa nani, afya yake, mambo anayoyapenda. Picha ikirudishwa, shauri limeishia hapo hapo, na hakuna aliyemwona mwenzake akaaibika.

Pande zote zikiridhika, ilipangwa siku ya kuonana. Wa mjini walipenda hoteli yenye bustani, au mgahawa wa heshima. Wazazi huongea, vijana hutazama vikombe vyao vya chai. Kisha mshenga hutamka maneno ambayo Wajapani wote wanayajua, kwamba sasa tuwaachie vijana wenyewe. Wazee huinuka, na wale wawili hutembea bustanini kwa muda, pengine wakiongelea samaki wa bwawani kwa kukosa la kusema. Baada ya hapo jibu halipelekwi kwa mwenzako. Linapelekwa kwa mshenga. Kama ni la kukataa, yeye ndiye atakayetafuta namna ya kulifikisha: majaliwa hayakuwapo, binti bado anamwuguza bibi yake. Aliyekataliwa hakusikia neno la kumchoma, na aliyekataa hakulazimika kulitamka.

Wakikubaliana, huja sherehe ya posa, yuino. Nyumba ya mwanamume hupeleka fedha pamoja na vitu vilivyofungwa kwa ustadi mkubwa: samaki mkavu, ngisi mkavu, mwani, upepeo wa kukunja, na nyuzi nyeupe za katani zinazowaombea wazeeke pamoja mpaka nywele zao ziwe na rangi hiyo hiyo.

Hapo utaratibu unapendeza. Lakini mimi siwezi kuusifu mpaka niseme na lile jingine, kwa kuwa mshenga yule yule alibeba pia chuki za jamii yake. Kabla ya posa, familia nyingi zilituma wapelelezi. Walihoji majirani, walipekua hati ya ukoo, koseki, ambayo kila familia ya Japani inayo serikalini. Walitafuta ugonjwa wa akili, kifua kikuu, na zaidi ya yote asili ya buraku, yaani wazao wa waliochinja wanyama na kutengeneza ngozi, kazi zilizohesabiwa kuwa najisi. Sheria iliwafuta watu hao katika daraja la unajisi mwaka 1871. Watafuta wakwe hawakuwafuta. Mwaka 1975 iligundulika kwamba vitabu vyenye orodha ya vitongoji vyao vilikuwa vikiuzwa kwa siri kwa makampuni na kwa wapelelezi. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, isiwe kila mtu anaweza kwenda kufungua hati ya ukoo wa mwenzake. Ni posa ngapi zilikwisha vunjwa kabla ya hapo, na watu wangapi hawakuambiwa kamwe sababu!

Hata mwaka wa kuzaliwa ulitosha kumharibia mtu. Katika kalenda ya kale kuna mwaka wa Farasi wa Moto, unaorudi kila baada ya miaka 60, na ilisemwa kwamba mwanamke aliyezaliwa humo humwua mumewe mapema. Waliozaliwa 1906 walisumbuka kupata wachumba. Ulipofika 1966, wazazi wakaogopa kuzaa mabinti wasioposwa, na watoto waliozaliwa wakapungua kwa takriban robo kulinganisha na mwaka uliotangulia. Nchi ilikuwa tayari na treni ya mwendo kasi ya Shinkansen.

Mabadiliko ya sheria yalikuja baada ya vita. Februari 1946 Beate Sirota, mzaliwa wa Vienna aliyelelewa Tokyo, alipewa kazi ya kuandika rasimu ya haki za wanawake katika katiba mpya. Alikuwa na miaka 22. Ibara ya 24 iliyotokana na kazi hiyo inasimamisha ndoa juu ya ridhaa ya wawili wenyewe tu. Mioyo ikafuata taratibu. Mwaka 1957 Akihito, Mwana wa Mfalme, alikutana na Michiko Shoda, binti wa mfanyabiashara wa unga, kwenye uwanja wa tenisi wa Karuizawa. Walipooana Aprili 1959, mamilioni walitazama kwa televisheni. Katika miaka ya 1930, ndoa za omiai zilikuwa karibu 7 kati ya kila 10. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndoa za kupendana zikazipita.

Ajabu ni kwamba mshenga hakuondoka wakati huo. Alihamia kazini. Makampuni yaliajiri vijana wa kike na wa kiume, wakakutana humo, na bosi akaketi kama nakodo siku ya harusi. Njia hiyo nayo ilipodhoofika, hapakuwa na aliyebaki wa kumgongea mtu mlango. Watafiti wa takwimu za ndoa Japani wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya kushuka kwa ndoa tangu miaka ya 1970 inatokana na kupungua kwa njia hizo mbili, omiai na kazini. Mwaka 1970, wanaume waliofika miaka 50 bila kuoa kamwe walikuwa chini ya 2 kwa kila 100. Mwaka 2020 walikuwa 28, na wanawake karibu 18. Wengi wa Wajapani wasio na ndoa huwaambia watafiti kwamba wanataka kuoa au kuolewa. Wenye haya, wasio na maneno, wanaorudi nyumbani usiku wamechoka, hao ndio waliompoteza mshenga, na mimi nawasikitikia kwa dhati.

Sasa serikali inajaribu kuishika kazi hiyo. Wilaya kadhaa zina ofisi za kuunganisha wachumba, na mwaka 2024 Serikali ya Jiji la Tokyo ilifungua programu yake ya simu. Anayejiandikisha hutoa hati ya kuthibitisha kuwa hana mke au mume, hati ya kipato chake, na ahadi kwamba anatafuta ndoa kweli. Juma lijalo tutaingia ndani ya ofisi hizo, tuone wanachouliza ni nini, na ni maswali gani ya wapelelezi wa zamani ambayo bado yanaulizwa.