Laiki Hazilipi Kodi: Jinsi ya Kugeuza Mitandao ya Kijamii Kuwa Mauzo

Umepiga picha ya viatu, ukaiposti Facebook. Kufikia jioni una laiki 60 na watu 14 wameandika "bei?" chini yake. Umewajibu wote, lakini hujauza hata jozi moja. Kama hali hii unaijua, makala hii ni yako.

Kila siku tunaongea na wateja wetu wanaouza kupitia simu: mitumba, keki, mboga, vipodozi, huduma za fundi. Wengi wana wafuasi wa kutosha. Shida yao iko kwenye njia ndefu kati ya mtu kuona posti na pesa kuingia kwa simu. Mteja hupitia hatua nne: anakuona, anakuuliza, anakuamini, kisha analipa. Hatua moja ikikwama, pesa haiji, hata kama posti imeenda mbali namna gani.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme wewe unauza viatu vya mitumba. Unachagua mzigo Gikomba alfajiri, unausafisha, unauza ukiwa Kitengela. Kiatu kimoja unanunua shilingi 600, kukisafisha na kukirekebisha ni shilingi 50, na unakiuza 1,000. Faida yako ni 350. Kumbuka hiyo 350, tutairudia.

Hatua ya kwanza: Aonekane nani, na wapi?

Usijiunge na kila mtandao kwa sababu wengine wako huko. Chagua miwili ambayo wateja wako wanaitumia, uifanye vizuri.

WhatsApp ndiyo duka la karibu zaidi kwa biashara ndogo. Lakini kuna jambo wengi hawalijui: kwa kawaida, Status yako huonwa na mtu tu kama wewe umeweka nambari yake kwenye simu, na yeye pia ameweka yako. Mteja alinunua mwezi jana lakini hakuseva nambari yako? Basi hata ukiweka picha 20 kwa siku, yeye haoni kitu. Kwa hivyo kila ukimaliza kuuza, mwambie: "Seva nambari yangu, mzigo mpya huwa naweka kwa Status." Sentensi hiyo moja ni tangazo la bure. Status hupotea baada ya saa 24, kwa hivyo weka asubuhi watu wakiwa kwa matatu, au jioni wakiwa wametulia nyumbani.

Pakua pia WhatsApp Business. Ni ya bure na ilitengenezewa wafanyabiashara. Unaweza kuweka katalogi yenye picha na bei, ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe, na majibu ya haraka kwa yale maswali unayoulizwa kila siku. Unaweza pia kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya hadi watu 256, lakini unawafikia tu wale walioseva nambari yako. Tena tunarudi palepale.

Facebook, fungua Ukurasa wa biashara badala ya kutumia akaunti yako binafsi. Akaunti binafsi ina kikomo cha marafiki 5,000, ila Ukurasa hauna kikomo cha wafuasi. Tena mteja akiingia hapo anakuta viatu, si picha za harusi ya binamu yako. Makundi ya mtaa unakoishi nayo yanasaidia sana, maana mtu wa Kitengela anapenda kununua kwa mtu wa Kitengela. Soma kwanza sheria za kundi, kwa sababu mengine yana siku maalum ya matangazo.

TikTok na Instagram zinapenda video. Uzuri wa TikTok ni kwamba video yako inaweza kuonyeshwa mtu ambaye hajawahi kukufuata. Huhitaji kucheza densi kama hutaki. Onyesha kiatu kikiwa na vumbi, kikioshwa, kikitoka kiking'aa. Sekunde 20 zinatosha. Ukiwa Instagram, kumbuka kiungo ukikiandika kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki, kwa hivyo kiweke kwa wasifu wako.

Na kiungo gani? Andika wa.me/ kisha nambari yako ukianza na 254, bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Mtu akibonyeza, anatua moja kwa moja kwa WhatsApp yako. Umemwondolea kazi ya kunakili nambari.

Hatua ya pili: Posti ijibu maswali kabla hayajaulizwa

"Bei njoo inboksi" hufukuza wateja. Wengine wanafikiri bei itapangwa kulingana na sura yao kwenye picha ya wasifu, wengine hawana tu nguvu ya kusubiri jibu. Andika bei.

Posti nzuri ina vitu vitano: ni nini, bei, saizi au kiasi, uko wapi, na analipaje. Kwa mfano:

"Viatu vya ngozi, mtumba kamera, saizi 41 na 42. Shilingi 1,000. Cha 42 kina mkwaruzo mdogo kisiginoni, angalia picha ya tatu. Tuko Kitengela, unaweza kuja kuvijaribu. Tunatuma kwa boda au kwa matatu, nauli ni ya mnunuzi. Lipa kwa Till yetu."

Ona tumetaja mkwaruzo. Mtu akiuona kwa posti na bado anunue, hatarudisha. Akiukuta nyumbani, hata kama ni mdogo, atahisi umemcheza, na atasema hivyo mbele ya wafuasi wako wote.

Piga picha mwenyewe, mchana, karibu na dirisha au nje kwenye kivuli. Picha ulizotoa kwa intaneti zinaleta oda za kitu ambacho huna. Na bidhaa ikiisha, andika "imeuzwa". Usiifute, kwa sababu mtu akiona vitu vinauzwa anajua duka lina watu.

Hatua ya tatu: Kwa nini akuamini?

Jiweke kwa viatu vya mteja. Yuko Thika, hajawahi kukuona, na unamwomba atume elfu moja. Amesikia hadithi za watu waliolipa, kisha wakablokiwa. Hofu yake si dharau kwako. Ni kazi yako kuipunguza.

Anza na jina. Mteja akilipa, huona jina la anayepokea. Kama Ukurasa unasema duka la viatu lakini pesa inaenda kwa jina la mtu mwingine kabisa, atasita, na ana haki. Tumia Till au Paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara yako. Kama bado unatumia nambari ya kawaida, mwambie mapema: "Jina litakalotokea ni fulani, ndiye mimi." Laini ya biashara pia iwe tofauti na yako ya nyumbani. Inakusaidia kujua pesa ipi ni ya mzigo na ipi ni ya unga.

Kisha onyesha ushahidi wa wateja wengine, lakini kwa adabu. Skrinshoti za "nimepokea, asante" ni nzuri, ila ficha jina, nambari ya simu na salio la mteja. Picha ya mtu amevaa kiatu chako, muombe ruhusa kwanza, tena kwa maandishi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na si ya makampuni makubwa peke yake. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza sehemu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Ujumbe wa "naomba niposti picha yako, ni sawa?" haugharimu kitu.

Kwa oda kubwa, kwa mfano keki ya harusi au nguo ya kushonwa, malipo ya mwanzo ni jambo la kawaida. Kubalianeni kwa maandishi: kiasi gani, siku gani ya kukamilisha, na nini kitafanyika mmoja akibadilisha nia. Mazungumzo hayo ya WhatsApp ndiyo mkataba wenu.

Hatua ya nne: Pesa imeingia kweli?

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wazuri huumia. Tunaomba usome sehemu hii mara mbili.

Usiachilie mzigo kwa sababu ya skrinshoti. Skrinshoti inaweza kutengenezwa kwa dakika moja. Usiuachilie pia kwa sababu ya SMS uliyosoma harakaharaka boda akiwa mlangoni anapiga honi. Ujumbe halisi wa malipo huja kwa jina la huduma unayotumia, hauji kutoka nambari ya kawaida ya simu. Hata hivyo, usitegemee ujumbe peke yake. Angalia salio au taarifa ya miamala. Kama pesa haiko hapo, haijalipwa, hata mteja akilia.

Kuwa macho na huu mchezo: unapata ujumbe kwamba mtu amekutumia shilingi 5,000 badala ya 1,000, kisha anapiga simu akiomba umrudishie 4,000 haraka, mtoto yuko hospitali. Angalia salio kwanza. Mara nyingi utakuta hakuna kitu kilichoingia, na hiyo 4,000 anayoitaka ni yako. Kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono kwenda nambari nyingine. Mwambie aombe marejesho kupitia huduma kwa wateja, ili isitoke mara mbili.

Wapo pia wanaolipa kweli, wakachukua mzigo, kisha wakaomba muamala urudishwe wakidai walikosea nambari. Kinga yako ni kumbukumbu. Hifadhi mazungumzo, picha ya mzigo kabla haujatoka, risiti ya matatu, na jina la aliyepokea. Ukiulizwa, utakuwa na la kusema.

Na linda akaunti zenyewe. Mtu akikuomba ile nambari ya tarakimu sita iliyotumwa na WhatsApp kwa simu yako, anataka kuiba akaunti yako ili aombe pesa kwa wateja wako kwa jina lako. Usimpe, hata akisema ni msimamizi wa kundi. Ingia kwenye mipangilio uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. PIN ya pesa nayo haiulizwi na mtu yeyote, hata sisi hatuiulizi.

Je, ulipie tangazo?

Unaweza, lakini piga hesabu. Turudi kwa ile faida ya 350.

Tuseme umelipia tangazo la shilingi 1,000. Watu 90 wanaandika, lakini wengi wako Kisumu na Mombasa na hawataki kulipa nauli. Wanaonunua ni wawili. Faida ni 700, toa 1,000 ya tangazo: umepoteza 300. Wiki inayofuata unaweka 1,000 ileile, ila unachagua lionekane Kitengela na Athi River tu. Wanaandika 40, wananunua sita. Faida ni 2,100, toa 1,000: umebaki na 1,100.

Tangazo la kwanza lilikuwa na kelele zaidi, la pili likaleta chakula. Kwa mfano huu, unahitaji kuuza angalau jozi tatu ili kurudisha elfu moja yako. Ijue nambari hiyo kabla hujalipa. Anza na kiasi ambacho kikipotea hutakopa kujaza mzigo.

Utajuaje mteja ametoka wapi? Muulize: "Umetuona wapi?" Andika kwa daftari: tarehe, kiasi, alikotoka. Mwisho wa mwezi linganisha daftari na taarifa ya Till yako. Unaweza kugundua kwamba TikTok inakupa watazamaji, lakini wanaolipa ni wale wa Status. Basi unajua jasho lako uliweke wapi.

Wiki hii fanya mambo matatu

Moja, weka bei kwenye posti zako zote zilizopo. Mbili, andikia wateja wako kumi wa mwisho uwaombe waseve nambari yako. Tatu, mwambie kila anayekusaidia kuuza, awe ndugu au mfanyakazi, kwamba mzigo hautoki mpaka salio liangaliwe.

Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji wafuasi elfu kumi. Ukikwama kwenye malipo yoyote, wasiliana na huduma zetu kwa wateja kabla mzigo haujaondoka. Ukishaondoka, kazi inakuwa ngumu kwako na kwetu pia.