PIKIPIKI INAVUTA KUSHOTO? PIMA KWANZA, TAIRI UTANUNUA BAADAYE!

Msomaji wangu, pikipiki ni kama mchumba. Ikianza kukuvuta upande usioutaka, ujue kuna jambo, na ukijifanya huoni itakufikisha pabaya. Sisi wa Mbulu na Hanang pabaya penyewe tunapajua. Pale mteremko wa Magara, kona juu ya kona na bonde pembeni, chombo kinachovuta hakikupi nafasi ya kujitetea.

Vijiweni ninakopita, Dongobesh, Haydom mpaka Katesh, kilio ni kimoja: "Braza, chombo kinakula kushoto." Kijana anampelekea fundi, fundi anatupia jicho mara moja: "Leta tairi la mbele." Tairi linafungwa, pikipiki inavuta vile vile. "Basi ni shokapu." Hesabu ya wiki imeliwa, tajiri anapiga simu, na ugonjwa bado umo.

BARABARA NAYO INA MAMBO YAKE

Kabla hujalaumu chombo, itazame barabara. Lami kama ile ya Babati–Singida inayopita Katesh huwa na mgongo katikati, pembeni ikateremka ili maji ya mvua yatiririke. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo muda wote umelalia mteremko wa kushoto. Kuvuta kidogo hapo si ajabu.

Kapime kwenye uwanja wa mpira ulio tambarare na usio na watu. Endesha polepole, legeza mikono bila kuachia usukani, nenda halafu urudi njia ile ile. Ukienda inavuta kushoto na ukirudi inavuta kulia, huo ni mwinamo wa uwanja au upepo. Ikivuta mkono ule ule kwenda na kurudi, tatizo ni chombo. Au ni wewe!

Ndiyo, wewe. Unakaa upande? Gunia la vitunguu saumu limeegemea kulia? Dumu la maziwa linaning'inia upande mmoja tu? Pima pikipiki ikiwa tupu kabla hujamsumbua fundi.

UPEPO, HALAFU CHENI

Ikiwa bado inavuta, anza na kisichokula hela: upepo. Upime asubuhi tairi zikiwa za baridi. Tairi la mbele likiwa laini, usukani unakuwa mzito na chombo kinayumba kama mlevi wa sikukuu. Papasa na tairi lenyewe. Likiwa limelika upande mmoja, hapo sawa, litavuta.

Sasa njoo nyuma, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Ukikaza cheni unasogeza tairi la nyuma kwa nati mbili, moja kushoto, moja kulia. Ukizungusha moja zaidi ya mwenzake, tairi linakaa mshazari na pikipiki inatembea kama kaa. Kuna kijana wa Dongobesh alikuwa ameshaambiwa abadilishe shokapu zote mbili. Tulipotazama vile vialama vilivyochongwa kwenye mkono wa nyuma, upande mmoja ulikuwa mbele kwa alama nzima. Spana tu, na chombo kikanyooka.

Huamini alama? Chukua uzi. Uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili hadi tairi la mbele, chini kiasi cha kutogusa stendi wala injini, usukani ukiwa umenyooka. Pikipiki nyingi zetu zina tairi la mbele jembamba, 2.75 kwa 3.00 ya nyuma, kwa hiyo patabaki upenyo kati ya uzi na tairi la mbele. Upenyo huo ulingane kushoto na kulia. Basi!

ULIANGUKA LINI?

Kama nyuma kuko sawa, jiulize swali hilo. Gurudumu limenyooka lakini usukani umekaa upande? Shokapu zimejinyonga kwenye vishikio vyake. Mara nyingi zinalegezwa, zinanyooshwa na kukazwa upya. Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu. Ukikwama katikati kama umeingia shimoni, golori za usukani zimekwisha. Tikisa tairi la nyuma kushoto na kulia. Likicheza, tazama bushi na beringi. Zungusha magurudumu yote mawili, uone kama rimu inayumba au breki inashika.

Yote hayo yakiwa mazima na bado inavuta, huenda chesisi imepinda. Hapo usilete ujanja, ipaki mpaka ipate fundi mwenye vipimo.

La mwisho ni kwa matajiri. Kijana akisema chombo kinavuta, usimwambie anakwepa hesabu. Wewe unasubiri hela jioni. Yeye ndiye anayeshuka Magara, nyuma amepakia mama wa mtu mwenye mtoto mgongoni.