Kabla ya Kufufua Kiliba, Tuitazame Kakira

Sehemu ya sukari inayopimwa kwa kikombe katika soko la Kadutu, Bukavu, imevuka mpaka. Bei yake hupanda kila barabara inapofungwa au dola inapopanda. Lakini Kivu Kusini ina kiwanda chake: Kiliba, kwenye tambarare ya Ruzizi, kaskazini kidogo ya Uvira. Vita vya 1996 vilikizima, na mipango ya kukifufua imetangazwa zaidi ya mara moja.

Kabla ya mpango mwingine, tuitazame Uganda, ambako viwanda viwili vikongwe vya sukari vilianzishwa na Wahindu kutoka Gujarat. Nanji Kalidas Mehta, mzaliwa wa kijiji cha Gorana, alianzisha cha Lugazi mwaka 1924. Muljibhai Madhvani, aliyefika Uganda akiwa kijana mwaka 1908, alifungua cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930.

Kakira ikawa mji katikati ya miwa: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na hekalu la Kihindu. Hekalu lilikuwa na faida ya kibiashara pia. Fundi au karani aliyepata mahali pa kusali na pa kusomesha watoto alitulia, na ujuzi wake ukabaki kiwandani.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na uzalishaji ukaporomoka. Familia ya Madhvani ilirudi mwaka 1985. Leo Kakira hufua umeme kwa makapi ya miwa, huuza ziada kwenye gridi ya taifa, na hununua miwa ya maelfu ya wakulima wadogo wa Busoga.

Si neema tupu. Bei ya miwa inapoanguka, wakulima hao hulia. Na aliyepanda miwa shamba zima hununua hata unga.

Kiliba basi haihitaji mitambo tu. Inahitaji barabara salama, umeme wake yenyewe, makazi na shule za kuwaweka mafundi, na wakulima wenye hakika ya malipo. Atakayesaini mkataba kwa niaba ya wananchi wa Ruzizi ahakikishe kwanza kwamba kanuni ya bei ya miwa, na siku ya kumlipa mkulima, zimeandikwa ndani yake.