Je, Wajua? Bia Moja, Viwanda 1,400

Je, wajua kwamba kuna bia iliyopikwa na viwanda zaidi ya 1,400, vingi vikiipika ndani ya wiki chache, kwa makubaliano kwamba kiwanda hakibaki na hata senti moja ya mauzo?

Kisa chake kilianza na moto. Alhamisi ya Novemba 8, 2018, mnamo saa kumi na mbili na robo asubuhi, ndoano ya chuma iliyobeba waya wa umeme mkubwa ilikatika milimani, katika Kaunti ya Butte, kaskazini mwa California. Ndoano hiyo ilikuwa imelika kwa miongo mingi. Nyasi zilikuwa kavu, upepo ulikuwa mkali, na kabla ya adhuhuri mji wa Paradise, wenye watu wapatao 26,000, ulikuwa unateketea. Jina la mji huo maana yake ni Peponi. Watu 85 walikufa, majengo zaidi ya 18,000 yakaungua. Mwaka 2020 mwenye waya huo, kampuni ya umeme ya PG&E, ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Chini ya milima hiyo, mwendo mfupi kwa gari, uko mji wa Chico, na hapo ndipo kilipo kiwanda cha bia cha Sierra Nevada. Waliokimbia moto walimiminika Chico wakiwa na nguo walizovaa. Baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakaazi wa huko juu, na nyumba zao ziliungua pamoja na za majirani.

Ken Grossman, mwanzilishi wa kiwanda, aliwaandikia barua ya wazi wapika bia wote wa Marekani. Aliwapa mapishi ya bia mpya na kuwaomba waipike, waiuze kwao, na mauzo yote wayapeleke kwenye mfuko wa wahanga wa moto. Bia aliiita Resilience, neno linalobeba maana ya kuinuka tena baada ya kuangushwa. Kiwanda chake kilifungua mfuko huo kwa dola 100,000. Siku ya kupika ikawekwa Jumanne, Novemba 27, ambayo mwaka ule iliangukia siku ya kutoa waliyoizoea Wamarekani wengi. Moto wenyewe ulikuwa umedhibitiwa kabisa Jumapili, Novemba 25. Matangi yalianza kujazwa siku mbili tu baadaye, watu wakiwa bado wamelala kwenye mahema na viwanja vya maegesho.

Najua wasomaji wetu wengi hawanywi, na wengi dini imewakataza. Simsifii mtu chupa. Nasifu namna mchango huu ulivyopangwa, kwa sababu ndani yake mna akili ambayo harambee yoyote inaweza kujifunza, iwe ya zahanati au ya ada za yatima.

Kiwanda kidogo cha bia mara nyingi hakina fedha za kugawa. Kina matangi. Kina watu wanaojua kupika. Ukikiomba hundi, kitakupa kidogo au kitakuomba radhi. Ukikiomba tangi moja lijazwe kwa ajili ya jirani, umekiomba kitu kilichonacho kila siku, na tangi hilo moja linaweza kutoa maelfu ya lita. Hata hivyo tangi si bure. Bia ya aina hii hukaa humo wiki mbili, tatu, ikichacha na kutulia, na siku zote hizo kiwanda hakiwezi kupikia humo bia yake ya kujipatia riziki. Huo ndio mchango wenyewe ambao mnywaji haoni: nafasi iliyoachwa.

Je, wajua tena kwamba wakulima na wafanyabiashara wa malighafi nao walitoa zao? Kimea, maua ya hopsi na chachu vilitolewa bure na wauzaji wake. Wasambazaji na wenye maduka nao waliombwa waachie faida yao. Bila wao, ahadi ya kutoa mauzo yote ingewafilisi wadogo. Mwenye kiwanda cha watu watano angelipia kimea na hopsi kutoka mfukoni, halafu akabidhi kila dola iliyoingia. Mzigo ulibebeka kwa sababu kila aliyeugusa alipunguza kidogo.

Mapishi yenyewe yalichaguliwa yawe mepesi kupatikana. Kimea ni cha shayiri, yaani punje zilizoloweshwa, zikaota, zikakaushwa, kama bibi zetu wanavyofanya kwa ulezi na mtama. Hopsi ni za aina mbili, Cascade na Centennial. Cascade ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972 baada ya kukuzwa Oregon, na Centennial ikafuata mwaka 1990. Karibu kila mpika bia mdogo wa Marekani anazijua kwa harufu, harufu ya maganda ya balungi na miti ya misonobari. Grossman angeweza kuandika mapishi ya kifahari yenye viungo adimu, na bia ingesifiwa na wachache. Aliandika ambayo mtu wa Maine na mtu wa Texas wangeipika bila kuuliza swali.

Inafaa pia kujua huyu mtu alikotoka. Alianza na duka dogo la vifaa vya kupikia bia nyumbani, mjini Chico. Yeye na mwenzake Paul Camusi walianzisha Sierra Nevada mwaka 1979, wakiunga mitambo yao kwa matangi ya zamani ya maziwa. Bia ya kwanza ilipikwa Novemba 15, 1980. Wakati ule Marekani nzima ilikuwa na kampuni za bia chini ya 100. Ilipofika 2018 viwanda vilikuwa zaidi ya 7,000, vingi vikiwa vidogo vya mtaani, ambavyo mwenyewe ndiye mpishi na mkewe ndiye karani. Barua ya Grossman iliwakuta watu waliokua wakiinywa bia yake na kuisoma kama funzo. Ndiyo maana iliitikiwa.

Je, wajua kwamba kuna bia iliyozaliwa ili watu wasipelekane mahakamani? Kiwanda cha Avery cha Boulder, Colorado, na cha Russian River cha California, viligundua kwamba kila kimoja kina bia iitwayo Salvation. Kwa kawaida hapo mawakili hula. Wenye viwanda hivyo walikuwa wakifahamiana, basi wakakaa, wakazichanganya bia zao mbili, na mwaka 2006 wakatoa moja waliyoiita Collaboration not Litigation, yaani ushirikiano badala ya kesi. Jina la Salvation kila mmoja akaendelea nalo. Leo viwanda kupika pamoja ni jambo la kawaida kabisa: mmoja anasafiri na mapishi yake, mwingine anatoa tangi, na lebo inabeba majina yote mawili.

Na je, wajua kwamba watawa wa Ubelgiji waliwahi kuuza bia ili kukarabati monasteri yao? Watawa wa Mtakatifu Sixtus, huko Westvleteren, ni maarufu kwa kukataa kupanua biashara. Wanapika kiasi cha kuendeshea maisha yao na kusaidia wenye shida, na wakati ule mnunuzi aliweka oda na kuifuata bia hapo hapo mlangoni. Majengo yao yalipohitaji matengenezo makubwa, walivunja kawaida mara moja. Mwaka 2011 waliruhusu bia yao iuzwe kwenye maduka makubwa ya Ubelgiji, ndani ya boksi lililochorwa kama ukuta wa matofali. Mnunuzi alikuwa anatoa tofali lake. Mauzo ya namna hiyo yalifanyika pia nchi za nje, kisha watawa wakarudi kwenye utaratibu wao wa zamani.

Jambo hilo si geni Ulaya. Uingereza ya karne ya 15 na 16, wazee wa kanisa walikusanya nafaka kwa waumini, wakapika pombe, wakaiuza kwenye sherehe ya parokia, na fedha zikaezeka paa au zikanunua kengele.

Kwetu sisi hakuna haja ya kueleza sana. Sehemu nyingi za Tanzania na Kenya mwenye shamba alipika pombe, akawaita majirani, wakalima au wakavuna mchana, jioni wakakaa pamoja. Aliyealikwa leo kesho naye alialika. Wachaga wana mbege, inayotengenezwa kwa ndizi zilizopikwa na kuchanganywa na kimea cha ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la mti wa msesewe. Msesewe Kilimanjaro unafanya kazi ile ile inayofanywa na hopsi California. Nikisoma habari za Chico nauona mzunguko ule ule wa kualikana, isipokuwa huko waliolima hawakuonana uso kwa uso na mwenye shamba.

Tofauti nyingine ni nani anapika. Huku kwetu pombe ya kienyeji imekuwa kazi ya wanawake kwa vizazi, na wengi wamesomesha watoto kwayo. Marekani kazi hiyo iliposhikwa na viwanda ilihamia kwa wanaume. Mwaka 2007 mpika bia Teri Fahrendorf alianzisha chama cha Pink Boots Society cha kuwaunganisha wanawake wa kazi hiyo. Kila mwaka, karibu na Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, wanachama hupika bia za pamoja, na sehemu ya mapato hulipia masomo ya wanawake wanaojifunza upishi wa bia.

Afrika Mashariki nayo imeguswa. Mwaka 2016 kiwanda cha Beau's, cha mji mdogo wa Vankleek Hill huko Ontario, Kanada, kilichangisha kwa mtandao zaidi ya dola 100,000 za Kanada ili kusaidia wanawake kuanzisha kiwanda kidogo cha bia Rwanda. Baadaye Kigali ilipata kiwanda cha Kweza, kilichoanzishwa na wanawake, katika nchi ambayo mama zao walipika ikigage ya mtama tangu zamani.

Njia aliyoifungua Grossman ilifuatwa upesi. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga mabaa na migahawa, kiwanda cha Other Half cha Brooklyn, New York, kilitoa mapishi na lebo ya bia iitwayo All Together, na mamia ya viwanda vya nchi nyingi viliipika kusaidia wahudumu waliopoteza kazi. Miezi michache baadaye, baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, Marcus Baskerville wa kiwanda cha Weathered Souls, San Antonio, Texas, alitoa mapishi ya stauti, bia nyeusi nzito, akaiita Black is Beautiful. Yeye alikuwa mmoja wa Wamarekani weusi wachache waliokuwa na kiwanda chao cha bia. Zaidi ya viwanda 1,000 viliitikia, vya majimbo yote 50 na vya ng'ambo.

Baskerville aliongeza jambo ambalo mimi naona lilikuwa hatua mbele. Hakutaka fedha zije Texas. Kila kiwanda kilitakiwa kuchagua shirika la mji wake linalopigania haki mbele ya polisi au kuwatetea watu mahakamani, na kuahidi kuendelea na kazi hiyo baada ya bia kwisha. Chico ilikuwa na moto mmoja na mfuko mmoja, basi fedha zilistahili kwenda mahali pamoja. Dhuluma iko kila mji, na mwenye mji ndiye anayejua nani hasa anayeifanya kazi. Vilevile aliwaruhusu wapishi wageuze mapishi wapendavyo, wengine wakatia kahawa, wengine kakao.

Bidhaa zinazouzwa kwa jina la hisani zimeenea kwetu pia: fulana za matembezi, maji ya chupa, kalenda, tiketi za chakula cha jioni. Nyingi ni za kweli. Lakini ukisoma kwamba sehemu ya mapato itakwenda kwa wenye shida, simama dukani uulize ni sehemu gani. Asilimia tano ya faida na mauzo yote ni vitu viwili visivyofanana, na lebo zote mbili zaweza kuwa na picha ile ile ya mtoto anayetabasamu. Uliza pia fedha zinapokelewa na nani na hesabu itasomwa lini. Muuzaji mwenye nia njema atakujibu papo hapo, kama Grossman alivyosema kwenye barua yake, kabla hajaulizwa, ni kiasi gani kinatolewa na kinakwenda wapi.