Mbwa Mlinzi Anapozeeka na Kuugua: Wajibu wa Mtaa Mzima

Katika mitaa na vijiji vyetu vya Uganda, mbwa huhesabiwa miongoni mwa walinzi. Usiku ndiye wa kwanza kusikia hatua za mgeni, na mara nyingi sauti yake humfukuza mwizi kabla kufuli halijaguswa. Mbwa wa nyumba moja hulinda nyumba tano, na mbwa wa kituo cha biashara hulinda maduka yote. Lakini mlinzi huyo anapozeeka, akapatwa na maradhi mazito na kushindwa kubweka, mara nyingi hubaki bila mwenyewe. Wengine hufukuzwa barabarani, wengine hufungwa nyuma ya nyumba bila maji, na wengine hutegewa sumu.

Jambo hili huonekana kuwa la mwenye mbwa peke yake. Sisi tunaoshughulikia uhusiano wa polisi na jamii tunaliona kwa namna nyingine. Mbwa mgonjwa aliyetupwa huzurura na huweza kuuma watu. Sumu nayo haichagui: humwua mbwa wa jirani, huua kuku, na huweza kumfikia mtoto anayeokota kitu na kukitia kinywani. Kutokana na hayo huzaliwa ugomvi wa majirani, na ugomvi huo huishia mezani petu. Aidha, kumtesa mnyama ni kosa katika nchi yetu, na sheria inayokataza ukatili huo ilikuwapo hata kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Hivyo basi, tumeona vema kueleza jinsi mtaa unavyoweza kumtunza mbwa mzee aliye mgonjwa sana, kwa usalama wa watu na kwa heshima ya mnyama mwenyewe.

Uzee si ugonjwa

Mbwa mwenye umbo kubwa huanza kuhesabiwa mzee afikapo miaka 6 au 7. Mdogo hufika miaka 10 ndipo aonekane mzee. Mvi usoni, usingizi mwingi na mwendo wa polepole ni mambo ya umri. Lakini kukonda, kukataa chakula kwa siku mbili, kutapika mara kwa mara, kukohoa usiku, au tumbo kuvimba ni dalili za ugonjwa, na haifai kusema tu kwamba "amezeeka."

Maradhi mengine hujitambulisha kwa ishara zake. Mbwa anayekunywa maji mengi kuliko kawaida na kukojoa mno huenda ana ugonjwa wa figo au wa kisukari. Ufizi uliopauka, pamoja na homa na udhaifu, mara nyingi hutokana na maradhi yanayoletwa na kupe. Uvimbe unaotoa damu katika sehemu za siri huweza kuwa saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Hiyo huonekana mara nyingi kwa mbwa wanaozurura, na aghalabu hupona kwa sindano za daktari. Kwa hiyo tusiharakishe kukata tamaa: baadhi ya mbwa wanaodhaniwa wanakufa kwa uzee wana ugonjwa unaotibika.

Kwanza, ondoeni shaka ya kichaa cha mbwa

Kabla ya huruma huja tahadhari. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Watu wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali. Sivyo. Iko namna ya pili, ya kimya, ambayo mbwa hulegea, taya huning'inia, mate hutiririka, naye hushindwa kumeza. Mtu mwema humdhania amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono kinywani kumsaidia. Msifanye hivyo kamwe. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeshindwa kumeza au anayeuma bila sababu, hasa ikiwa hana cheti cha chanjo, atengwe mahali palipofungwa, na daktari wa mifugo aitwe mara moja.

Aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile bila kungoja dalili. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, kifo huwa karibu hakika. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Akizuiliwa na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari, hali yake itaonyesha kama alikuwa na hatari ya kuambukiza alipouma.

Daktari kabla ya dawa

Shaka ya kichaa ikiisha kuondolewa, hatua ya pili ni kupata neno la daktari. Ofisi ya mifugo ya wilaya ndiyo mlango wa kwanza. Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha tiba ya wanyama, na katika jiji la Kampala wako madaktari binafsi wa wanyama wadogo. Mwulizeni daktari maswali matatu: ni ugonjwa gani, je, unatibika au ni wa kutulizwa tu, na matunzo yatagharimu kiasi gani kwa mwezi. Bila majibu hayo mtaa hauwezi kupanga lolote.

Dawa za binadamu zilizomo kabatini ni hatari. Ibuprofen na diclofenac, ambazo watu hununua dukani kwa maumivu ya mgongo, huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Hata paracetamol humdhuru ikizidi kipimo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa mbwa dhaifu bila kipimo cha daktari. Oili chafu ya gari, ambayo wengine humpaka mbwa mwenye upele, haiponyi. Humtia sumu anapojilamba.

Mbwa abebwe kwenda kwa daktari juu ya ubao au blanketi lililoshikwa na watu wawili. Asitiwe guniani wala asifungwe nyuma ya pikipiki.

Matunzo ya kila siku

Mbwa asiyeweza kusimama huumizwa na sakafu. Alazwe juu ya godoro kuukuu au magunia yaliyojazwa nyasi kavu, mahali penye kivuli pasipopitisha mvua, na ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache ili asipate vidonda. Mkojo na kinyesi visafishwe mapema, ngozi ikaushwe, na sehemu ya chini ya mkia ikaguliwe asubuhi na jioni. Nzi hutaga hapo, na funza hula nyama ya mnyama angali hai. Akiweza kutembea kidogo, leso iliyopitishwa chini ya tumbo na kushikwa juu kwa mikono miwili humsaidia kwenda haja.

Maji safi yawepo saa zote. Mbwa wa kilo 20 huhitaji takriban lita moja kwa siku, na mwenye ugonjwa wa figo huhitaji zaidi. Tusimnyime maji kwa kuwa anakojoa sana. Anakunywa kwa sababu mwili unayapoteza. Chakula kiwe laini, cha uvuguvugu, kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku: posho iliyolainishwa kwa mchuzi wa mukene usio na chumvi huliwa na wengi, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Vitunguu vya aina zote vimdhuru mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Anapolala, hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima. Zikizidi 30 mara kwa mara, mwarifuni daktari, hasa kwa mbwa mwenye ugonjwa wa moyo. Watoto wasiachwe naye peke yao. Hata mbwa mpole aliyekua nao huweza kuuma anapoguswa penye maumivu.

Jinsi mtaa unavyogawana mzigo

Kazi hizi zote zikimwelemea mtu mmoja, hasa mjane, mzee au mlinzi wa usiku mwenye mshahara mdogo, hushindwa katika wiki ya kwanza. Zikigawanywa, huwa nyepesi. Tuchukue mfano wa mbwa wa kituo cha biashara chenye maduka kumi. Mwenye hoteli hutoa mchuzi, fundi seremala hutoa vumbi la mbao la kutandika, vijana wawili wa bodaboda hupeana zamu ya kufuata dawa na kumleta daktari, na mama mmoja huandika daftari: alikula nini, alikunywa kiasi gani, alipewa dawa saa ngapi na nani. Daftari hilo huzuia dawa kutolewa mara mbili, na humwonyesha daktari mwenendo wa ugonjwa kuliko maneno ya watu kumi. Mwenyekiti wa LC1 ajulishwe tangu mwanzo, ili asije mtu akadhani mbwa huyo hana mwenyewe.

Wako majirani ambao kwa imani yao hawapendi kuguswa na mate ya mbwa. Waheshimiwe, wala wasihesabiwe kuwa wasio na huruma. Wao huweza kuchota maji, kuchangia fedha au kushika daftari. Mafundisho ya Kiislamu yenyewe yanasimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alimnywesha mbwa mwenye kiu.

Kuhusu fedha, tunasisitiza uwazi, kwa kuwa michango mingi mizuri huharibikia hapo. Chagueni mweka hazina na shahidi mmoja, tena wasiwe wa nyumba moja. Kila shilingi iandikwe. Fedha zilipwe moja kwa moja kwa kliniki na risiti ibandikwe mahali pa wazi. Kubalianeni mapema kile kitakachofanywa na salio endapo mbwa atakufa. Chanjo ya mbwa wengine wa mtaa ni matumizi mema. Ujumbe wa simu unaoomba mchango kwa picha ya mbwa mgonjwa usiaminiwe kabla ya kumwona mbwa au kuzungumza na daktari wake. Kukusanya fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na tunawaomba mtuarifu.

Mfano kutoka Gulu

Wapo wanaosema kwamba huruma kwa mbwa ni anasa ya matajiri. Kaskazini mwa nchi yetu kuna jibu. Huko Gulu, katika nchi iliyoumizwa na vita vya miaka ipatayo 20, shirika la BIG FIX Uganda linaendesha hospitali ya wanyama pamoja na mradi wa kuwapatia mbwa watu walioachiwa majeraha ya moyo na vita hivyo. Mbwa hutibiwa, hufungwa kizazi, na mwenye kumpokea hujifunza kumtunza na kumfundisha. Watu waliokuwa wakijitenga hurudi kuzungumza na majirani, kwa kuwa mbwa huhitaji kutembezwa na kulishwa. Walio na kidogo wameonyesha kwamba kumtunza mnyama kwa pamoja huwarudisha watu karibu.

Siku ya kuamua

Si kila ugonjwa hupona. Katika daftari lile, wekeni alama ya siku njema na siku mbaya. Siku njema ni ile ambayo mbwa amekula, ameinua kichwa kwa kuitwa jina lake, na amelala bila kulia. Siku mbaya zikizidi zile njema, na daktari akasema kwamba maumivu hayatulizwi tena, kumwacha aendelee hivyo si upendo. Daktari humlaza kwa sindano, naye hupoteza fahamu kabla moyo haujasimama. Uamuzi ni wa mwenye mbwa akishauriana na daktari. Majirani husindikiza, hawalazimishi. Sumu, kamba na rungu havina nafasi hapa.

Mzoga wa mbwa aliyelazwa kwa sindano una dawa inayoweza kuua mnyama mwingine atakayeula. Usitupwe jalalani, ambako mbwa wengine na wale makorongo wakubwa wa Kampala, kaloli, hutafuta chakula. Uzikwe shimoni, kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima na mto. Akifa mbwa aliyeshukiwa kuwa na kichaa, msimguse. Ofisa wa mifugo ndiye atakayeelekeza.

Wito wetu

Tunawaomba wananchi, katika kikao kijacho cha mtaa, mlitaje jambo hili. Orodhesheni mbwa walio wazee na wenye kuwatunza. Hakikisheni kila mbwa amechanjwa, kwa maana mtaa uliochanja walau asilimia 70 ya mbwa wake huuvunja mnyororo wa kichaa. Na andikeni namba ya daktari wa mifugo mahali ambapo kila mtu ataiona. Akionekana mbwa mgonjwa asiye na mwenyewe, au nyama inayoshukiwa kuwa na sumu, msichukue hatua peke yenu. Toeni taarifa kwa mwenyekiti au kituo cha polisi kilicho karibu. Mtaa unaojua kugawana zamu, kuandika daftari na kulinda fedha ya mchango kwa ajili ya mbwa mmoja mzee, umekwisha kujifunza kazi zile zile utakazozihitaji siku ambayo jirani atalala kitandani.