Jozani Haiishii kwa Punju

Daladala ya Makunduchi ilipopunguza mwendo kwenye matuta ya Jozani, bibi niliyekaa naye kiti kimoja alinicheka. Hakuelewa mtu kulipa kiingilio akatazame kima punju. Yeye wanamjia shambani bila kualikwa, na wakiondoka maembe machanga yameondoka nao.

Matuta yenyewe yaliwekwa kwa ajili ya kima hao, waliokuwa wakigongwa mno na magari.

Jozani na Ghuba ya Chwaka ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar. Ilitangazwa mwaka 2004, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, yaani ni kama kiganja tu mbele ya Serengeti. Wageni wengi huteremka, humpiga picha punju, na kabla jasho halijawakauka wameshashika njia ya Paje. Wanaonja mchuzi na kuuacha wali.

Punju mwenyewe hakwepeki, tumalizane naye kwanza. Asili yake ni Unguja peke yake. Walioko msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu. Mgongo mwekundu, tumbo jeupe, nywele za kichwani zimesimama kama za mtu aliyeamshwa usingizini. Kidole gumba hana. Punju ni sumu, na wakulima walimbandika jina hilo kwa kuamini kwamba mti alioula haustawi tena. Mla sumu, kwa hakika, ni yeye: majani ya mkungu na mwembe anayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na dawa yake ni makaa. Nilimwona mmoja akishuka kwenye kisiki kilichoungua, akavunja kipande, akakaa kitako akikitafuna taratibu, midomo yake ya waridi imekuwa myeusi tii. Watafiti wameeleza kwamba makaa hunyonya kemikali hizo.

Upande wa pili wa barabara ni msitu wa maji. Maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, na masika njia hufurika. Humo mitondoo na michikichi imefunga anga. Ukiingia saa sita mchana unahisi magharibi imekaribia. Toka hapo uende maweni, ambako udongo ni wa kuokoteza na miti imejipenyeza kwenye nyufa za matumbawe ya kale, mifupi, migumu. Kwangu mimi hapo ndipo penye siri. Ni makazi ya paa nunga, mnyama mdogo aliye hatarini kutoweka, anayesikia hatua zako muda mrefu kabla hujamwona. Mimi sikumwona. Na chui wa Unguja, ambaye watu walisema hufugwa na wachawi, wataalamu wengi wanaamini ameshatoweka. Lakini mtaje mbele ya wazee uone mazungumzo yatakavyorefuka.

Kisha teremka Pete, kwenye daraja la mbao linalopita juu ya matope ya mikoko. Nilifika maji yametoka. Mkoko umesimama juu ya mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Mchu umechomoza vijiti kutoka matopeni ili upumue, na majani yake hutoa chumvi unayoweza kuionja kwa ulimi. Chini yake kaa dume mwenye gando moja kubwa alikuwa akilipunga juu, chini, juu, kama anayesimamisha daladala. Nilikaa naye robo saa. Jike hakutokea.

Na punju? Hata huku yumo, akila majani ya mikoko. Msitu wa maji, maweni, mashamba na mikoko kwake ni nyumba moja yenye vyumba vingi, ndiyo maana hifadhi haiwezi kulindwa kwa kufunga geti tu. Sehemu ya chakula chake iko kwenye mashamba kama la yule bibi, na mwenye shamba asipofaidika na kiingilio hana sababu ya kumvumilia.

Ukienda, vaa viatu vya kufunika, usimlishe wala kumgusa kima, na kabla ya kutoka nyumbani uliza saa za maji. Yakiwa yamejaa, kaa humwoni.